Karibukiti na Mkutano wa Kusimama

Mwanamume anayekodisha viti mtaani kwetu tunamwita Karibukiti, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Ukipita mbele ya stoo yake, hata kama una haraka ya kwenda msalani, atakwambia, "Karibu kiti." Ukiketi, yeye anabaki amesimama, mikono nyuma, akikukagua ulivyokaa kama daktari anayetazama ulimi. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na stoo yake, na vile vitambaa vyeupe anavyovalisha viti vya harusi nimevishona mimi. Kwa hiyo nikisema namjua, sisemi ya kusikia.

Anaamini kwamba shughuli yoyote inaendeshwa na viti. Vya msibani, atakwambia, viache nafasi ya miguu, maana watu watakaa kutwa. Vya harusi vibanane, watu wagusane mabega na kucheka. Mkutano wa wazazi shuleni, mstari wa kwanza usisogee sana kwenye meza ya mwalimu mkuu, la sivyo wa mbele watamaliza maneno na wa nyuma watasinzia. Nilikuwa nikimcheka. Siku moja nikamwuliza, "Kwa hiyo ndoa ikivunjika ni kosa la viti?" Akanijibu bila hata kutabasamu kwamba inategemea bibi harusi aliketishwa karibu na nani.

Wazazi wa Karibukiti walifariki mapema, baba kwanza, kisha mama, yeye akiwa hajaota meno ya pili. Akabaki na dada yake, naye dada mwenyewe alikuwa msichana tu. Dada akaacha shule, akawa anafua nguo za watu nyumba kwa nyumba, baadaye akapata kazi ya usafi hospitalini. Kazi hiyo anayo mpaka leo, kusukuma dekio wodini tangu asubuhi. Alimlea mdogo wake, akamsomesha alivyoweza, na baa ya jirani ilipofungwa ni yeye aliyemfuata mwenye baa kumwomba viti vilivyobaki, ndipo biashara ikaanza. Waliokuja kumposa waliuliza, "Na huyu mtoto?" Dada akawaonyesha mlango. Mtoto sasa ana mke, watoto na kitambi, na dada ana magoti yaliyovimba.

Dada anakaa kota, yale maghorofa ya zamani ya halmashauri ambayo rangi yake hakuna anayeikumbuka. Wapangaji wa kota ni watu wa kuamka mapema: wauguzi, walinzi, wafagizi, wapishi wa hotelini. Gari la mtu binafsi likiingia pale, watoto hulifuata. Basi lao lilikuwa likisimama mbele ya geti. Dada alikuwa akitoka mlangoni, anajikongoja kidogo, anapanda, anafika wodini kwa wakati. Kwa magoti yale, kile kituo ndicho kilichomweka kazini, na msimamizi wake alikuwa ameshasema wazi kwamba mchelewaji atatafutiwa mbadala.

Halmashauri ikaamua kupanua barabara kuu na kuleta mabasi makubwa ya haraka. Jambo jema, nani alikataa? Lakini basi la haraka halitaki kusimama kila mahali, kwa hiyo kulikuwa na mpango wa kuondoa kituo cha kota na kukijenga ng'ambo ya barabara, chini ya yale maghorofa mapya ya vioo ambayo wakaazi wake wana magari mawili mawili. Wa kota wangevuka kwa daraja la juu, lenye ngazi kama za kwenda mbinguni. Taratibu zilitaka wananchi waulizwe kwanza. Ndipo afisa mipango wa halmashauri akaja stoo kwa Karibukiti kuagiza viti.

Yaliyosemwa siku hiyo niliyapata baadaye kutoka kwa Karibukiti mwenyewe, na nilimlazimisha ayarudie neno kwa neno.

"Nina mkutano wa wananchi uwanja wa kota," afisa alimwambia, akipangusa vumbi kwenye kiatu. "Mikutano hii inanimaliza, mzee wangu. Watu wakishakaa hawaishi maswali."

Sasa mwanamume kuitwa mzee wangu na mtu wa ofisini, na kuulizwa jambo la fani yake, huvimba kichwa. Karibukiti akavimba. "Wewe unataka uishe mapema?" akamwambia. "Punguza viti. Mtu akikaa anapata maneno. Akisimama juani, anachotaka ni kwenda kwake tu."

Afisa akacheka. "Kumbe hapa kuna chuo!"

"Na lile usilotaka lichambuliwe sana, liweke mwisho," mwalimu akaongeza, ambaye hakuna aliyemwomba nyongeza. "Mpaka mlifikie, waliobaki watanyoosha mikono hata ukiwauliza kama wauze mama zao."

Walicheka wote wawili, wakapeana mikono. Karibukiti alikuwa na harusi kubwa siku hiyo hiyo na viti vingi vilitakiwa huko, kwa hiyo shauri lake lilimfaa na yeye pia. Hakuuliza mkutano unahusu nini. Mtu mwenye dada kota, anayeambiwa kuna mkutano kota, asiulize! Hilo linaniwasha mpaka leo.

Siku ya mkutano nilikwenda, maana wateja wangu wengi ni wa kota. Viti vilikuwa vya kuchekesha, safu chache mbele kwa wageni na wazee, kisha uwanja mtupu na jua. Karibukiti mwenyewe alishapita asubuhi kupanga, akakimbilia harusini, lakini alimwachia dada yake kiti kimoja kizuri safu ya pili, akakitolea neno kabisa: "Hiki ni cha dada yangu, mtu asikiguse." Dada akaja na miwani yake na maswali yake. Hakukaa sana. Akamwona mwanamke mjamzito amesimama anajipepea kwa kanga, akamwita, akampisha.

Tukasalimiwa. Tukasalimiwa tena na aliyekuja kusalimia kwa niaba ya asiyekuja. Yakaja maji taka, yakaja takataka, zikaja taa za barabarani, na kila moja lilikuwa na mtu wa kulieleza polepole. Jua likapanda. Wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wenye watoto migongoni wakafuata. Dada alisimama akibadilisha mguu, huu, kisha huu, akijishika kiunoni. Nilimwambia aketi chini kwenye majani. Akasema akiketi chini hatainuka bila winchi. Mwishowe akaniambia, "Fundi, siwezi tena. Wakifika kwenye mabasi, sema na kwa niaba yangu." Akaenda.

Walipofika kwenye mabasi nilisema, na nilisema kwa sauti, mdomo ninao. Tulikuwa wachache na wenye kiu. "Wanaoafiki wanyooshe mikono," akasema afisa, na mikono ikanyooka, mingine ya watu waliodhani wanaafiki kufunga mkutano. Likapita. Karibukiti alikuja na pikapu kukusanya viti, bado amevaa tai ya harusini, akasema kwa furaha, "Mmemaliza mapema leo!" Nikamwambia kilichopita. Tabasamu lilimtoka usoni kama mtu aliyepanguswa kwa kitambaa. Nilidhani anamwonea dada yake huruma tu.

Nguzo ya kituo ikang'olewa. Kuanzia hapo dada akawa anatoka kwake giza bado halijafutika, kwa sababu ya ngazi. Anapanda ubavu ubavu, mkono mmoja kwenye chuma, viatu mkononi mwingine, mguu wenye nafuu kwanza, kisha anauvuta ule mbovu zaidi. Mara mbili alichelewa wodini. Msimamizi akamwambia ya tatu asihangaike kuja.

Karibukiti alimwona kwenye ngazi zile asubuhi moja alipokuwa akienda kupeleka viti msibani. Akasimamisha pikapu katikati ya barabara, akapigiwa honi na kutukaniwa wazazi, akakimbia kumpokea mkoba. Dada akafurahi. Akamwambia watu waliokuwa wakipita, "Huyu ndiye mdogo wangu. Siku ya ule mkutano wao, mji mzima umesimama, yeye peke yake ndiye aliyenikumbuka na kiti."

Aliponisimulia hayo alikuwa ameegemea mlango wa kibanda changu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ndipo akatoa na yale ya afisa, yote.  Alisema akiona kiti kitupu anageuza uso, na mtu wa kazi yake ataacha vipi kuona viti vitupu?

Sikumbembeleza. "Wewe ni mshenzi," nikamwambia. "Mdomo umekuponza, lakini anayelipa ni dada. Nenda ukamwambie."

"Nitamwambia, fundi. Mambo yakitengemaa nitamwambia."

"Yakitengemaa utasema ya nini tena?"

Akarudi stoo kwake. Akaanza badala yake kufanya vituko vya mtu anayesutwa na nafsi. Alimpelekea dada dawa ya kuchua, akampelekea godoro, akampelekea feni wakati wa baridi. Dada akaniuliza kama mdogo wake anaumwa ugonjwa ambao hawamwambii. Kisha akachukua kiti, kimoja cha vile vigumu, akakifunga kwa mnyororo kwenye chuma cha daraja, pale ngazi zinapopinda, ili dada apumzike. Watu wa kota wakakipenda. Asubuhi kulikuwa na foleni ya kukaa. Askari wa halmashauri wakaja wakakata mnyororo, wakasema ni kuzuia njia. Karibukiti akafunga kingine. Wakakata. Akafunga kingine. Mtaa mzima ukamsifu, wengine wakaanza kumwambia agombee udiwani, na kila sifa ilimchoma kama pasi ya moto. Nilimwona mtu akimshika mkono kumpongeza, naye akauvuta mkono wake na kuufuta kwenye suruali.

Wapangaji hawakulala. Muuguzi mmoja wa kota, mama mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa, aliwazungukia mlango kwa mlango, wakaenda kwa diwani kundi zima na kukaa kwenye korido ya ofisi yake mpaka akatoka. Walisema hawakuulizwa. Diwani akasema mkutano ulifanyika. Wakasema ulifanyika kwa walioweza kusimama. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na diwani huwa mwepesi wa kusikia nyakati kama hizo. Akakubali mkutano wa pili, jambo moja tu, kituo.

Karibukiti aliposikia, alivunja kazi ya harusi, mwenye harusi akamwapiza. Akaleta kila kiti alichonacho: vya baa vya zamani, vya plastiki, hata vya dhahabu vya maharusi. Akatandaza maturubai uwanja mzima. Alinikodi nimsaidie kupanga, nami nikaona ameweka nafasi za miguu kama za msibani. "Nataka wakae kutwa," akasema.  Nikamwuliza kama ameshamwambia dada. Akasema, "Leo. Wakishashinda, leo hii hii."

Watu walikuja mpaka uwanja ukajaa. Dada aliketi safu ya mbele, kwenye kiti cha dhahabu, watu wakimtania kuwa bwana harusi amechelewa. Muuguzi akaanza kusema. Akaeleza nani anaamka saa gani, nani anavukaje, kisha akamgeukia afisa mipango na kumwuliza swali rahisi: "Ule mkutano wa kwanza, kwa nini mlileta viti vya kuhesabika, na jambo letu mkaliweka mwisho? Mlitaka tuchoke?"

Uwanja ukaguna. Afisa akasimama. Nilimwona anatafuta mahali pa kutokea, na akapaona. "Ndugu wananchi, mimi si mtaalamu wa viti," akasema, akicheka kidogo. "Muulizeni mwenye viti, yule pale. Ni yeye aliyenishauri. Aliniambia mtu akisimama juani anachotaka ni kwenda kwake. Na lile la mwisho pia ni lake. Mzee wangu, nasema uongo?"

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Karibukiti alikuwa amesimama kando ya nguzo ya turubai, ameishika. Angeweza kukana. Afisa gani angeaminiwa siku ile mbele ya mtu wa kiti cha ngazini? Nilimwona akifungua mdomo, nikadhani anakana.

"Hasemi uongo," akasema.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Wengine wakazomea. Muuguzi akainua mkono na kuwanyamazisha, akasema hayo yatasubiri, leo ni kituo.

Dada alimgeukia mdogo wake. Aliinuka kwenye kile kiti cha dhahabu, polepole, akishika bega la aliyekuwa karibu naye. Akakisukuma pembeni. Akasimama.

Wakampisha viti, wa kulia na wa kushoto, akatikisa kichwa. Karibukiti akaja mbio kutoka nyuma, akapita katikati ya watu, akakichukua kiti na kukiweka nyuma ya miguu yake. "Dada, kaa."

"Sitaki."

"Magoti, dada."

"Magoti ni yangu."

Mkutano ukaendelea hivyo. Watu wakasema mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewakatiza. Dada amesimama, anabadilisha mguu, huu, kisha huu, na mdogo wake nyuma yake ameshika kiti kwa mikono miwili, tayari, kama mtu anayesubiri ukuta uanguke. Hakuanguka. Ulipofika wakati wa mikono, mikono ilikuwa msitu, na wa dada ulikuwa juu kuliko yote kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wima. Diwani akatangaza kwamba kituo kitarudi mbele ya geti, na mabasi ya haraka yatasimama. Na kilirudi kweli, nguzo mpya na kibaraza, dada akawahi wodini kabla msimamizi hajapata ya tatu. Nalisema sasa ili msije mkadhani halmashauri ilitucheza tena.

Lakini jioni ile, watu walipokwisha kuimba na kutawanyika, tulibaki watatu chini ya turubai. Mimi nilikuwa nakunja vitambaa, sikuondoka, na sitasema uongo kwamba nilikuwa sisikilizi. Dada alikuwa bado amesimama. Karibukiti alipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, dada. Sikujua mkutano ni wa nini. Naapa sikujua."

"Hilo nimeshalielewa," dada akasema. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka zamu. "Kuna moja tu silielewi. Yale maneno. Kwamba mtu aliyesimama sana hana nguvu ya kubisha. Uliyatoa wapi? Hukusoma mahali. Nani alikufundisha?"

Karibukiti akainamisha kichwa. Nikajiandaa kumjibia, maana mimi ni mimi. Akazungumza na ardhi.

"Nilipokuwa mdogo," akasema, "nikitaka kitu, nilikuwa sikuombi asubuhi. Asubuhi ungekataa. Nilikuwa nasubiri urudi kufua, umesimama kutwa, miguu imekuvimba. Nakuomba hapo hapo mlangoni, hujakaa. Hukuwahi kukataa, dada. Hata mara moja."

 Dada alinyoosha mkono, nikadhani atampiga, nikadhani atamshika kichwa. Aliuchukua mkoba wake kwenye kiti. Mdogo wake akainuka upesi kumpa bega la kuegemea mpaka nyumbani. Dada akamwambia abaki akusanye viti vyake, akaondoka peke yake kuelekea kota, akijishika kiunoni.